Anza bara, malizia mtoni: mzunguko wa Sabaki kwa baiskeli

Mtu akishanunua baiskeli ya milimani hapa Malindi, haipiti wiki atakuja kibandani kwangu, ninapotengeneza baiskeli, kuuliza njia ya mto Sabaki. Na karibu kila mmoja huja na mpango uleule: atoke mjini alfajiri, akimbilie daraja, ashike ukingo wa mto kwenda juu hadi Madunguni, apande Kakuyuni, halafu arudi nyumbani kwa barabara ya Ganda. Njia ni nzuri, sina neno nayo. Ila mimi huipita kinyume, na nikiwa na mgeni ndiyo kabisa. Toka mjini uelekee bara kwanza, kwa Ganda na Kakuyuni, uteremke mtoni jua likishakomaa, kisha ufuate maji kuelekea baharini hadi darajani. Kilomita ni zilezile, kama 40 hivi, zaidi au pungufu kulingana na utakavyopotea mashambani. Siku yenyewe ndiyo huwa nyingine.

Sababu ya kwanza ni kiboko. Sabaki ina viboko na ina mamba, wala hizi si hadithi za kutishia watoto. Kiboko hushinda majini mchana kutwa. Usiku hutoka kula nyasi na, akijaliwa, mahindi ya watu. Alfajiri hurudi mtoni kwa njia aliyoizoea. Njia hiyo mara nyingi ndiyo kijia unachotaka kukipita wewe. Kiboko hana ugomvi na aliye mbali. Ugomvi wake ni na aliyesimama baina yake na maji, na ukifika mtoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapo ndipo utakapokuwa umesimama. Ukifika saa tatu na nusu, saa nne, yeye yumo majini, masikio na pua tu ndivyo vinavyoonekana, nawe uko juu ya ukingo unapiga picha na roho yako imetulia.

Ya pili ni upepo. Huku kwetu, iwe kusi au kaskazi, upepo haukosi kutoka upande wa bahari. Kusi, kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa tisa, hutoka kusini na kusini mashariki. Kaskazi, kuanzia kama mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, hutoka kaskazini mashariki. Asubuhi mapema yote miwili huwa imelala. Kufikia saa tano imeamka, na saa nane inakuvua kofia. Sasa piga hesabu. Anayerudi kutoka Kakuyuni adhuhuri anaelekea mashariki, uso kwa uso na upepo, tena kwenye barabara palipo peupe. Anayerudi kwa mtoni naye anaelekea mashariki, lakini ana miembe, minazi, migomba na kingo zenyewe za mto zinazomkinga. Na asubuhi alipokuwa akienda bara, kama kulikuwa na upepo wowote, ulikuwa ukimsukuma.

Jua nalo liko hivyohivyo: unapokwenda magharibi asubuhi liko kisogoni, na likishapita utosi liko kisogoni tena unaporudi mashariki. Juu ya hayo, maji yanateremka na wewe unateremka nayo. Watu hunijibu kwamba wakianzia bara wanangoja sana kuuona mto. Haya, ngojeni.

Kuhusu baiskeli

Usiuze ng'ombe kwa ajili ya njia hii. Baiskeli ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, yenye fremu isiyo na ufa, breki mbili zinazoshika na gia zinazoingia inatosha. Masprin ya mbele hayana kazi kubwa hapa, kwa kuwa hatuna mawe wala mizizi ya kutisha, tuna mchanga. Kinachokufikisha kwenye mchanga ni tairi, kwa hivyo pesa uliyotaka kuitia kwenye masprin itie kwenye tairi. Tafuta zenye upana wa inchi 2 au zaidi kidogo, zenye meno mafupi yaliyosogeleana katikati. Tairi yenye meno marefu kama ya trekta huuma lami na kukuchosha hata kabla hujafika Ganda.

Upepo wa ndani ya tairi ni jambo ambalo watu hawalishughulikii, nami hulishughulikia kuliko kitu kingine chochote. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 75, kwenye lami tia kama paundi 35. Ukifika penye mchanga punguza hadi 25 hivi, mbele chini kidogo kuliko nyuma. Huna kipimo? Bonyeza tairi kwa kidole gumba: ya lami isibonyee ila kwa nguvu, ya mchanga ibonyee bila ubishi lakini rimu isiguse ardhi unapokaa juu yake. Ukipunguza kupita hapo, jiwe moja au ukingo wa lami utaubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa matundu mawili yanayolingana. Ukiona matundu mawili pacha, usitafute mwiba. Jaza upepo zaidi.

Miiba ndiyo adui wa kweli. Mbigili hutambaa kando ya vijia, vimbegu vyake vina pembe kali, na kiangazi vinakauka na kuwa vigumu kama misumari. Mgunga una miiba mirefu inayoingia hadi ndani. Dawa ninayowafanyia wateja ni ya kale na haina gharama: nachukua tyubu kuukuu, naipasua kwa urefu, nakata upande wenye vali, na kuitandika ndani ya tairi kabla ya kutia tyubu mpya. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, nakubali. Lakini nimewaona vijana wenye baiskeli nyepesi wakizikokota kutoka Madunguni.

Beba tyubu mbili nzima, viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu uliyoijaribu nyumbani, spana za pembe sita za baiskeli yako, na kifaa cha kukatia mnyororo kama unajua kukitumia. Cha kutolea tairi, mipini ya vijiko viwili vya chuma inafanya kazi. Mafundi tumekula na vijiko hivyo na tumefungua tairi navyo. Ukipata pancha usikimbilie kubadilisha tyubu tu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, mpaka kinase kwenye mwiba. Kidole kitaupata pia, ila utajuta. Ukiacha mbigili mmoja ndani, tyubu ya pili itakwenda njia ya ya kwanza, nawe utabaki na viraka.

Mnyororo usiumwagie oili chafu ya gari, hata kama jirani yako wa gereji anakupa bure. Mchanga wetu hupenda oili hiyo, na vikikutana huisaga giya yako. Tia tone dogo la mafuta mepesi kwenye kila kiungo, zungusha, halafu pangusa yote yanayoonekana kwa nje. Mnyororo ukionekana mkavu ndipo uko sawa.

Kengele weka, tena yenye sauti. Mjini inapuuzwa, vijijini ni adabu. Anayempita mwanamke aliyejitwika ndoo bila kugonga kengele mapema anamshtua, ndoo inamwagika, na maji yale yametoka mbali.

Mjini hadi Kakuyuni

Toka saa kumi na mbili. Kula kitu kabla, mahamri kwa mbaazi kama una mtu wa kukupikia mapema au mama wa jirani ambaye karai lake huwa motoni tangu alfajiri. Maji beba lita tatu. Usiku wa kuamkia safari mvua ikinyesha kubwa, ahirisha. Nitaeleza.

Shika barabara ya Ganda, ile inayoendelea hadi Sala Gate kwenye mbuga ya Tsavo Mashariki. Ukipotea uliza "barabara ya Sala Gate", kila mwenye bodaboda anaijua. Kaa kushoto kabisa na usivae vitu masikioni. Asubuhi hiyo wewe unaenda bara na watu wa bara wanakuja mjini: baiskeli nyeusi za chuma zimebeba magunia ya makaa marefu kuliko mwenyewe, nyingine nazi, nyingine madumu ya mnazi, pombe iliyogemwa usiku. Hao wana mzigo na wana haraka, hasa wa mnazi, kwa sababu bidhaa yake inachacha kila dakika. Wapishe. Usisubiri wao wakupishe kwa kuwa wewe una kofia ngumu na yeye amevaa kandambili. Mwenye gunia mbili za makaa akisimama ghafla mzigo unamwangusha.

Watazame pia kwa faida yako. Penye mchanga hao ndio walimu. Utaona wamechora mstari mmoja mwembamba, pengine pembeni kabisa mwa barabara, pengine chini ya mkorosho, na wote wanaupita. Mstari huo umeshindiliwa na uzito wa magunia na ndio mgumu kuliko kwote. Ingia humo. Penye matope fanya kinyume chake: acha mstari waliopita wengi, maana ndio uliovurugwa, tafuta nyasi.

Namna ya kupita mchangani ni hii. Shuka gia kabla hujaingia, si ukishazama. Sogea nyuma kidogo kwenye kiti ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Shika mikono ya usukani kwa ulaini, uiache baiskeli iyumbe kidogo. Anayeng'ang'ana kuinyoosha ndiye anayeanguka. Kanyaga mfululizo bila kukurupuka. Tazama mbali, usitazame gurudumu. Na ikikushinda, shuka ukokote. Hakuna aliyepata tuzo kwa kuanguka kwenye mchanga wa Ganda.

Kati ya Ganda na Kakuyuni barabara inapanda na kushuka polepole, mikorosho na miembe pande zote, nyumba za makuti na za mabati zikipishana. Hapa huna cha kufanya ila kuendesha. Kuna vibanda vya chai na viazi vya karai, simama upesi, jaza chupa, ulizia mto. Uliza vizuri. Ukiuliza "Madunguni ni mbali?" utaambiwa si mbali, ni hapo tu, kwa sababu anayekujibu hataki kukuvunja moyo. Uliza hivi: "Pikipiki yenye mzigo imepita leo kuteremka Madunguni?" Ikiwa imepita, utapita. Ikiwa bodaboda wanazungukia njia nyingine, zungukia nawe.

Mtoni

Njia ya Madunguni inaacha mchanga mwekundu na kuteremka kwenye udongo mweusi wa bondeni. Hapa ndipo ahadi yangu ya mvua inapolipwa. Udongo huu ukiwa mkavu ni mgumu na unakwenda kwa raha. Ukilowa hushika tairi, hujaa kwenye uma na kwenye breki, gurudumu linakataa kuzunguka, na mtu mwenye nguvu akiendelea kukanyaga huvunja kile kikono cha gia cha nyuma. Kikono hicho ndicho ninachouza kuliko kitu kingine kila masika. Udongo ukianza kunata, shuka, toa udongo kwa kijiti, ubebe baiskeli begani hadi penye nyasi.

Halafu kuna mafuriko yasiyo na mvua. Mto huu unaitwa Athi huko juu, unapita Ukambani, unakutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, na unapotufikia sisi ni Sabaki. Kwa hivyo unaweza kuamka Malindi mbingu nyeupe, vumbi tupu, na mto umefura kwa mvua iliyonyesha Nairobi na Machakos siku zilizopita. Wakongwe wa Madunguni bado hupimia mafuriko yote kwa El Niño ya 1997. Ukisikia habari ya mvua kubwa huko juu, usishuke bondeni kwa siku kadhaa, hata kama kwetu ni kiangazi. Na baada ya kila mafuriko usiamini ramani ya simu wala kumbukumbu yako: ukingo unamegwa, kijia ulichopita mwaka jana kinaweza kuwa kimeishia hewani. Usiendeshe karibu na ukingo kuliko urefu wa baiskeli mbili.

Rangi ya maji itakushangaza kama ni mara yako ya kwanza. Ni wekundu wa udongo wa mashamba ya juu, na ndio huo unaoichafua bahari yetu wakati wa kaskazi na kuifanya pwani ya mjini izidi kusogea mbali na mahoteli yaliyojengwa zamani kando ya maji. Wenye mahoteli hulaumu mto. Mimi nasema mto haulimi.

Ukifika, pumzika chini ya mwembe, lakini embe usiangue. Huku mti una mwenyewe hata kama umesimama peke yake kwenye ardhi ya mwingine, hauna ua, na nyumba iliyo karibu haionekani. Ukitaka, uliza, mara nyingi utapewa zaidi ya unavyoweza kubeba, na wakati wa embe ngowe utajuta kuja na mkoba mdogo. Madafu pia huuzwa, uwe na noti ndogo, kwa sababu si kila mgema ana chenji wala mtandao wa M-Pesa. Mnazi wenyewe utaletewa kwenye kibuyu na mrija wake ukisema tu una kiu. Kataa kwa adabu. Jua la saa tano, mnazi na mchanga mbele yako, vitatu hivyo havikai pamoja.

Maji ya mto usiyaguse. Usinawe, usioshe baiskeli, usitumbukize miguu. Utawaona wanawake wakichota na watoto wakioga, na utajiambia mbona wao. Wao wanajua pa kuchotea na mamba alionekana wapi jana, wewe hujui. Waulize, watakueleza. Na usikubali kuvuka kwa miguu kwenda ng'ambo hata pale mto unapoonekana mwembamba wakati wa kiangazi.

Hiyo ng'ambo, ukiitazama kutoka Madunguni, ni ardhi yenye historia. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikuwa akiwalisha Wagiriama kiapo cha kutoitumikia serikali ya Kiingereza, akakamatwa na kupelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi. Mwaka 1914 serikali ikataka Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya mto huu, ardhi yao bora ya mahindi, na vita vikazuka mwezi wa nane. Ukiona jinsi mahindi yanavyostawi pale bondeni hutahitaji kuelezwa kwa nini hawakutaka kuhama. Mimi humwonyesha kila ninayekuja naye. Wengine husikiliza, wengine wanashughulika na simu.

Kutoka hapo ufuate mto kwa kuelekea mashariki. Hakuna njia moja. Kuna vijia vya mashamba vinavyoachana na kukutana. Shamba la bamia, shamba la ndizi, mchicha, tikiti, pampu ya dizeli inayonguruma, korongo kavu la kuvuka ukiwa umebeba baiskeli, kisha mashamba tena. Kanuni ni kuuweka mto mkono wa kushoto na kutoshuka chini kuliko mashamba. Kijia kikipita uani kwa mtu, shuka kwenye baiskeli, piga hodi, usalimie. Salamu inatosha kama tikiti ya kupita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Waenda wapi na mashine hiyo?"

"Darajani."

"Basi pitia kwa yule mama mwenye migomba, huko chini pamebomoka."

Ndivyo unavyoelekezwa, na ni maelekezo bora kuliko ya simu. Ukipita bila salamu, mzee huyohuyo atakutazama ukienda hadi palipobomoka.

Wanaume, kaptura ipite goti. Wanawake, vaeni mnavyoendesha vizuri, na mbebe leso. Wanaume pia wabebe leso, mimi huwa nayo. Ni taulo, ni mkeka wa kukalia, ni kivuli cha shingo, na tairi ikipasuka ubavu unakata kipande cha tyubu mbovu kukitia ndani kwenye mpasuko, kisha leso unaifunga kichwani ukilaani.

Darajani utatokea kwenye lami ya barabara ya Garsen. Jaza tena upepo kabla hujapanda lami. Malori ya chumvi kutoka Gongoni na mabasi ya Lamu hupita hapo na hayapunguzi mwendo. Ukiona gari kubwa linakuja na jingine liko nyuma yako, toka nje ya lami, ngoja. Kilomita hizi za mwisho hadi mjini, wakati wa kusi, ndizo pekee utakazopigwa na upepo wa mbele. Shuka gia, inama, zipite.

Kama siku haitoshi: Mambrui

Kuna mzunguko mfupi wenye mchanga wa pwani, kwa wanaotaka bahari kuliko mashamba. Daraja, lami hadi Mambrui, pwani, kurudi. Huu hauendeshwi na saa ya ukutani, unaendeshwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na pwani ya Mambrui inabaki upande mpana wa mchanga mgumu unaong'aa dhahabu juani. Hapo baiskeli inakwenda kuliko kwenye lami. Siku za maji mafu usijisumbue. Ufuko mgumu ni mwembamba na utaishia kukokota.

Mwelekeo tena ni wa upepo. Wakati wa kaskazi fika Mambrui kwa lami kwanza, kisha shuka pwani uelekee kusini, upepo mgongoni. Wakati wa kusi geuza: baada ya daraja katiza kwenda pwani, panda kaskazini na upepo, urudi kwa lami penye nyumba na miti. Ukiwa Mambrui tembeza baiskeli kwenye vichochoro, usiendeshe, na ukikuta ni saa ya swala ya Ijumaa kaa kando. Mwaka 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walifukua hapo sarafu ya Yongle Tongbao, ya China ya karne ya 15. Tangu hapo kijana wangu wa kibandani huendesha Mambrui macho chini.

Pwani iache kabla ya kufika mlangoni mwa mto. Kuna matope yanayomeza gurudumu, kuna mikoko, na kuna ndege wengi wanaotoka Ulaya na Asia kuja kukimbia baridi, ambao hawafurahii baiskeli. Mto wenyewe hauvukiki pale. Kata kupitia vilima vya mchanga hadi barabarani. Mchanga wa vilima ni laini mno, utakokota, na hakuna tairi inayoweza kukuokoa.

Mwezi wa Ramadhani fanya huu mfupi pekee, toka baada ya swala ya alfajiri, shika lami kwenda na kurudi bila pwani, uwe nyumbani saa mbili na nusu.

Ukirudi kutoka baharini, ioshe baiskeli siku hiyohiyo kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, ukimwaga kutoka juu taratibu. Usiipige kwa mpira wa kuoshea magari, maji yataingia kwenye bearingi na kutoa grisi. Igonge mara mbili tatu kwenye tairi idondoshe maji, ipanguse kwa kitambaa, iache kivulini hadi asubuhi ndipo utie mafuta kwenye mnyororo. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye mnyororo, kesho yake utauona mwekundu, nawe utakuja kwangu.